Umebadilisha Paipu na Maji Bado Yanadondoka? Cheki Saizi Kwanza

Keja nyingi za zamani Nairobi na Mombasa ziliwekwa paipu za chuma, zile mafundi huita GI. Chuma hiyo hupakwa zinki ndiyo isishike kutu, lakini miaka ikisonga zinki inaisha na kutu inaanza kujaa ndani. Ukikata paipu kama hiyo, shimo linaweza kuwa limebaki dogo kama penseli. Ndiyo maana mtu akifungua mfereji wa jikoni, msee aliye bafu anabaki na sabuni machoni.

Dawa ni kung'oa na kuweka PPR, zile paipu za plastiki ambazo huunganishwa kwa kuchomwa. Hizo hazishiki kutu. Lakini hapo ndipo watu wengi hupoteza doh.

Saizi ya PPR hupimwa nje

GI ya robo tatu inchi ikiwa mpya huwa na shimo la karibu milimita 21. Ukienda hadiwea kuitisha "robo tatu" ya PPR, unapewa ya milimita 25. Noma ni kwamba hiyo 25 ni kipimo cha nje. Ile ya PN20 iko na ukuta wa milimita 4.2 kila upande, so shimo ni 16.6 pekee. Umelipa fundi, umevunja ukuta, na njia ya maji ni ndogo kwa zaidi ya thuluthi moja kuliko ile GI ilivyokuwa siku ya kwanza.

Kwa PN20, badilisha hivi:

- GI ya nusu inchi: weka PPR ya 25
- GI ya robo tatu: weka PPR ya 32
- GI ya inchi moja: weka PPR ya 40

Kama maji yanatoka kwa tangi ya juu

Hapa saizi ni muhimu hata zaidi. Kila mita moja ya kimo huleta presha ya karibu bar 0.1. Tangi ikiwa mita 3 juu ya shawa, uko na bar 0.3 tu, na hiyo ni kidogo sana. Toa maji kwa tangi na paipu ya 32 ama 40, gawanya na 25, halafu 20 iende kwa mfereji mmoja mmoja. Elbo zikiwa nyingi pia hupunguza nguvu ya maji. Usikimbilie kununua pampu kabla ya kuangalia haya.

Kabla fundi apige plasta

1. Mashine ya kuchoma inafaa kuwa nyuzi 260 hivi. Paipu ya 20 huchomwa sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8. Akizidisha, plastiki inayeyuka na kuziba njia ndani.
2. Laini ya maji moto iwe PN20.
3. Usikubali kipande cha GI kibaki katikati. Kutu itaendelea, na maji yote yatapitia hapo pabovu.
4. PPR iliyo nje ifunikwe, juu jua huiharibu.
5. Funga miisho yote, jaza maji, na upime kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Kagua kila kiungo.
6. Piga picha za ukuta ukiwa wazi. Siku ya kutoboa ukuta kuweka kabati, utajua paipu imepita wapi.

Mita na paipu iliyo mbele yake ni za kampuni ya maji, so usiguse bila kuwaambia.

Fundi akikuletea hesabu imeandikwa "robo tatu" pekee, mrudishie. Mwambie aandike milimita na PN ya kila paipu, ndiyo ujue unalipia shimo la saizi gani.