Sauti ya Ng'ambo ya Mto Kagera

Mzee ameshanisimulia kisa hiki mara tatu. Mara ya kwanza ile sauti iliomba sigara. Mara ya pili iliomba chumvi. Mara ya tatu haikuomba kitu, ilisalimu tu: "Habari za huko, ndugu?" Yeye alikuwa handakini, upande wa kusini wa Mto Kagera, Novemba 1978. Mwenye sauti alikuwa ng'ambo, na alikuwa adui. Hakuna aliyefyatua risasi. Ni kisa kitamu, na visa vitamu vya vita mimi huvitilia shaka. Kilitokea kweli?

Nilianza na tarehe. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba, na redio ya Kampala ikajigamba kwamba eneo lote kati ya mpaka na mto, kilomita za mraba 1,800 hivi, limetwaliwa kwa dakika 25. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Lakini simulizi nyingi zinasema kwamba daraja lilipokwisha kuvunjika, wavamizi wengi walirudi kwao wakiswaga ng'ombe za watu. Mzee, aliyeletwa kutoka kusini mwa nchi kwa treni na malori, anasema alifika mtoni siku kadhaa baadaye. Sasa ng'ambo alikuwa amebaki nani wa kuomba sigara?

Nikaenda Kyaka. Nilimlipa kijana wa bodaboda avuke daraja la sasa, ateremke hadi ukingoni, aseme neno lolote kwa sauti. Mimi nikachutama kwenye matete upande wa pili. Maji ya Kagera yana rangi ya chai ya maziwa, na yanakwenda kasi kuliko yanavyoonekana ukiwa juu barabarani. Nilimwona akipanua mdomo. Sauti niliisikia, maneno sikuyapata. Aliporudi aliniambia alikuwa akiuliza kama hela ya kurudi nayo ipo. Kweli, lori lilikuwa likipita wakati ule, na usiku wa Novemba 1978 hapakuwa na lori juu ya daraja lililolala majini. Jaribio langu lilikuwa limethibitisha nini hasa?

Jambo moja halikunisumbua, nalo ni lugha. Kwa askari wa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini tangu ukoloni, na ndiyo maana raia wengi kule walikisikia kwa hofu. Mtu wa ng'ambo angeweza kabisa kusema "ndugu" na akaeleweka. Kama yu hai, angekuwa wapi leo?

Mutukula, mpakani, iko kilomita 30 hivi kutoka Kyaka. Ilitekwa na jeshi la Tanzania Januari 1979. Leo ni foleni ya malori, wabadilisha fedha na vibanda vya chapati. Nilizunguka pande zote mbili za mpaka siku tatu. Mtu wa kwanza niliyeelekezwa kuwa alipigana, nilipopiga hesabu, alizaliwa mwaka wa vita. Wa pili alikataa kuniona. Wa tatu alikuwa babu muuza mkaa, mikono myeusi hadi viwikoni, aliyekuwa mpishi kambini Masaka na hajawahi kuuona Mto Kagera. Nilimpa kisa cha sigara akacheka hadi akakohoa. "Sigara tulikuwa nazo sisi! Nyinyi ndio mlikuwa hamuna." Kisha akafuta macho kwa kiganja, akajipaka masizi shavuni, akaniuliza: "Huyo muzee wako, alifika Masaka?"

Masaka ilianguka mwishoni mwa Februari 1979, na sehemu kubwa ya mji ikabaki kifusi. Kuna wanaosema ni mizinga iliyopigwa kabla ya kuingia. Wengine wanasema majengo yalilipuliwa baadaye, moja baada ya jingine, kulipiza yaliyotendwa Kagera. Nimezipima simulizi zote mbili. Mizinga ilipigwa, hilo halina ubishi, lakini mizinga peke yake haitoshi kueleza ubomoaji mkubwa kiasi kile. Kazi hiyo inataka muda na mikono ya watu. Usiku ule, kwenye chumba cha wageni, nilifungua daftari langu. Mara tatu Mzee amenitembeza kutoka mtoni hadi Mutukula, kisha moja kwa moja hadi Kampala, tarehe 11 Aprili. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni karibu kilomita 90, na jeshi lilipita hapo. Mbona sikuwahi kuuliza?

Niliporudi nilimkuta Mzee barazani akichambua maharage kwenye ungo. Kila 25 Julai huvaa medali zake akaenda Kaboya, kwenye makaburi ya wenzake, na kofia ya siku hiyo ilikuwa bado imetundikwa msumarini. Shikamoo, marahaba. Nikampa jibu la mpishi kuhusu sigara. Alicheka sana, akakubali kwamba huenda ilikuwa chumvi. Nikamwambia na swali la mpishi. Aliendelea kuchambua. Alitoa punje iliyotobolewa na dudu, akaitazama, akairudisha palepale kati ya nzima. Jogoo akapita, hakumfukuza. Nilikwishafunga daftari alipoinua uso.

"Huyo mpishi," akasema, "nyumba yake ilikuwa upande gani wa mji?"