Mzee Naye Ana cha Kutoa

Ifikapo Novemba, makazi mengi ya wazee nchini Marekani hubandika mti wa karatasi kwenye ukuta wa bwalo. Kila mkaazi hupewa jani aandike jambo analolishukuru: mjukuu, jirani wa chumba cha pili, goti lililopona. Alhamisi ya nne ya mwezi ni Siku ya Kutoa Shukrani, ile ambayo Abraham Lincoln aliitangazia taifa mwaka 1863, na familia huja kula pamoja na kuyasoma majani hayo. Jumanne inayofuata ni zamu ya kutoa, desturi changa iliyoanzia New York mwaka 2012. Wanaojua kufuma hupeleka kofia za sufu kwa watoto wachanga hospitalini. Wengine huandika kadi kwa askari walio mbali, au hufungasha vyakula vya kugawiwa wenye njaa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuyaona haya kuwa michezo ya kumchangamsha mtu aliyeachwa na wanawe. Mimi nayaheshimu, na katika hayo yote naiheshimu zaidi kofia. Jani linamtaka mzee ahesabu alichojaliwa. Kofia inamwambia kwamba yuko mtu anayehitaji kazi ya mikono yake.

Utafiti nao unaielekea kofia. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha kuwa watu walioandika mambo ya kushukuru waliyatazama maisha yao kwa matumaini kuliko walioandika kero. Ni jambo jema. Lakini mwaka huohuo Stephanie Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wazee, jozi 423, kwa miaka mitano. Waliokuwa wakiwasaidia ndugu, marafiki na majirani, au kuwaliwaza wenzi wao, walikufa wachache zaidi katika muda ule. Kupokea msaada hakukuleta nafuu hiyo. Kabla yao, mwaka 1976, Ellen Langer na Judith Rodin walikwenda kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut. Kundi moja la wakaazi liliambiwa lijiamulie mambo yake, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi jingine liliambiwa kuwa wauguzi watawashughulikia wao na mimea yao. Wenye mimea ya kutunza walichangamka zaidi. Mmea tu!

Japani imechukua njia nyingine: huko shukrani humfuata mzee alipo. Jumatatu ya tatu ya Septemba ni sikukuu ya taifa ya kuwaheshimu wazee. Tangu 1963 serikali humpelekea anayetimiza miaka 100 kikombe cha fedha cha kunywea sake. Mwaka ule wenye umri huo walikuwa 153 nchi nzima. Siku hizi ni maelfu kwa maelfu, na kuanzia 2016 vikombe hupakwa fedha kwa juu tu, maana gharama ilizidi. Heshima hiyo ni kubwa, ila mzee bado amekaa kitini akipokea. Kinachonigusa mimi ni nyumba ya Kotoen, wilaya ya Edogawa jijini Tokyo, ambako shule ya chekechea na makazi ya wazee viko pamoja na asubuhi wote hufanya mazoezi ya viungo uwanja mmoja. Pale mtoto akilia, babu yupo wa kumbembeleza.

Sasa tuje kwetu. Makazi ya wazee tunayo: Sebleni na Welezo kule Unguja, Nunge kule Kigamboni, Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, Nairobi. Mambo yanayofanyika katika makazi ya namna hii tunayajua. Ramadhani, Krismasi, au tarehe 1 Oktoba ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, wageni hufika na fulana za sare. Hushusha mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nepi za watu wazima. Hotuba husomwa, picha hupigwa, kisha mzee mmoja huteuliwa atoe neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Msaada huo unahitajika, na anayeuleta Mungu amlipe. Uchungu wangu ni kwamba mzee yule hushukuru mwaka mzima, na haifiki siku ya yeye kushukuriwa.

Mila zetu hazikumweka hapo. Katika nyumba za pwani mzee ndiye mtoaji mkubwa, hata akiwa hana senti. Kwake kunatafutwa radhi, na posa haiendi bila neno lake. Mtoto akizaliwa hupelekwa kwa mtu mzima mwenye kuheshimika amwonjeshe tende iliyotafunwa na kumwombea dua. Nikiilinganisha tende hiyo na kofia ya sufu, naona Mmarekani ametoa kitu kizuri kwa mtoto ambaye huenda hatamwona kamwe, na bibi wa Unguja anampokea mtoto mwenyewe mikononi.

Dini imekwenda mbali zaidi. Mzee wa Kiislamu aliyedhoofika asiweze kufunga ameondolewa saumu, lakini akiwa na uwezo hutoa fidia: katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu, ni kibaba cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Ona hekima hiyo. Siku mwili unaposhindwa ibada ya njaa, mzee anapewa ibada ya kulisha. Zaka ya fitri nayo, pishi moja kwa kila kichwa, inamhusu hata fukara, mradi ana chakula kinachozidi mahitaji ya usiku na siku ya Idi. Wakristo nao wanamkumbuka yule mjane wa hekaluni aliyetoa senti zake mbili, mtu ambaye kila mpita njia angetarajia kumpa.

Basi bibi wa makazini, fidia yake nani anamuuliza? Fedha siyo kikwazo kama zamani. Tangu Aprili 2016 Zanzibar hulipa pencheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi bila kuuliza nani tajiri nani maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Tunajua pia fedha za bibi huelekea wapi: Esther Duflo alionyesha mwaka 2003 kuwa pencheni walizopewa wanawake wazee Afrika Kusini ziliboresha afya ya wajukuu wao wa kike.

Matroni anaweza kuanza mwezi wa Ramadhani. Alete gunia na kibaba, kila mwenye wajibu na uwezo apime fidia yake kwa mkono wake, na maskini wa mtaani waitwe waje kuichukua kwake. Wanaojua kusuka ukili wapelekewe wanafunzi wa shule jirani, na wazazi wapya wakaribishwe na vichanga vyao. Na wale wageni wa fulana za sare wapangiwe siku moja katika mwaka ya kuja mikono mitupu, waombewe dua, wafundishwe kusuka, na mwisho wasimame wao kutoa neno la shukrani.