Miaka 100 ya Kuisoma Chumvi

Wengi huisoma fomula ya chumvi, NaCl, kana kwamba ndani ya chumvi kuna vijipande vidogo, kila kimoja kikiwa na atomi moja ya sodiamu iliyoshikana na moja ya klorini. Katika punje ya chumvi hakuna kijipande cha namna hiyo. Wanasayansi walichukua zaidi ya miaka 100 kulitambua hilo, na ukiifuata njia yao utaelewa kwa nini fomula za kampaundi za ioni huandikwa jinsi zinavyoandikwa.

Oktoba 1807, katika maabara ya Royal Institution jijini London, Humphry Davy alipitisha umeme wa betri kwenye potasi iliyoyeyuka. Vikatokea vitone vinavyong'aa kama fedha, vingine vikawaka moto papo hapo. Binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha. Hiyo ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye akaifanyia kostiki soda vivyo hivyo na kupata sodiamu, metali inayochachamaa ikigusa maji. Mwaka 1810 akatangaza kuwa klorini, gesi ya sumu ambayo Msweden Carl Scheele aliitoa mwaka 1774, nayo ni elementi. Vitu viwili vya hatari namna hiyo vikiungana tunapata kitu cha kutia kwenye mboga! Davy aliona kwamba ikiwa umeme unaweza kutenganisha vitu, basi huenda umeme ndio unaovifunga pamoja.

Herufi zenyewe za fomula tumeachiwa na Msweden mwingine, Jöns Jacob Berzelius, aliyeanza kuzitumia miaka ya 1813 na 1814 badala ya viduara ambavyo mkemia John Dalton alivitumia kuwakilisha elementi. Alama Na ya sodiamu ni kifupi cha natrium, jina lenye asili moja na la Ziwa Natron la Tanzania, lenye magadi tele. Berzelius aliandika namba juu ya herufi. Kuzishusha chini kulikuja baadaye.

Mwaka 1834 Michael Faraday, aliyeanza kazi kama msaidizi wa Davy, aliviita ioni vitu vinavyosafiri kuelekea ncha za betri. Ila yeye alidhani ni umeme unaozizalisha. Nusu karne ikapita. Mwaka 1884 kijana Svante Arrhenius aliwaambia maprofesa wake wa Uppsala kwamba ioni zimo ndani ya maji ya chumvi hata kabla ya betri kuunganishwa. Walimpa daraja la chini. Mwaka 1903 kazi hiyohiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel.

Bado swali moja lilibaki: je, kwenye chumvi kavu? Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence walipiga miale ya eksirei kwenye fuwele ya chumvi na kusoma jinsi ilivyorudi. Waliona mpangilio usio na jozi wala mipaka: kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini imezungukwa na sodiamu 6, hadi mwisho wa punje. Hakuna sodiamu iliyo mali ya klorini fulani. Mwaka 1915 wakapata Nobel, Lawrence akiwa na miaka 25 tu. Hata hivyo, mwaka 1927 mkemia mkongwe Henry Armstrong alikuwa bado analalamika katika jarida la Nature kwamba chumvi iliyopangwa kama ubao wa sataranji inapingana na akili ya kawaida. Akili ya kawaida ndiyo iliyokosea.

Maelezo ya jinsi ioni zinavyotokea yalikuwa tayari yametolewa mwaka 1916 na Mjerumani Walther Kossel. Sodiamu ina elektroni 11, na moja tu iko kwenye ganda la nje. Ikiipoteza hubaki na mpangilio tulivu wa gesi ya neoni, na chaji ya +1. Klorini ina elektroni 17, imepungukiwa na moja ili ifanane na agoni. Ikiipata huwa na chaji ya −1. Chanya na hasi huvutana kutoka kila upande, na fuwele hujengeka.

Kwa hiyo fomula ni uwiano unaofanya chaji zote zijumlishwe kuwa sifuri. Sodiamu moja kwa klorini moja: NaCl. Magnesi hupoteza elektroni mbili, hivyo huhitaji klorini mbili: MgCl₂. Kundi la atomi lenye chaji yake huhesabiwa kama ioni moja na hufungiwa mabano likizidi moja. Kalsiamu ina +2 na kundi la fosfeti, PO₄, lina −3, kwa hiyo kalsiamu 3 husawazisha fosfeti 2: Ca₃(PO₄)₂.

Ukiwa na mtoto anayesoma kemia, mwulize kwa nini oksidi ya alumini ni Al₂O₃. Jibu ni kwamba alumini 2 zenye +3 hutoa 6 chanya, na oksijeni 3 zenye −2 hutoa 6 hasi. Akikujibu tu kwamba namba zimebadilishana nafasi, amejifunza kuandika fomula lakini bado hajajifunza kemia yake.