Dripu si dawa ya kila mtoto: somo lililotoka Kilifi

Miaka kadhaa iliyopita nilimgombeza muuguzi, na hadi leo nikikumbuka naona haya. Mtoto wa dada yangu, wa miaka miwili, alikuwa amelazwa usiku, homa kali, miguu baridi, viganja vyeupe, anahema mbio mbio. Alikuwa ameshachomwa sindano ya malaria na amewekewa oksijeni. Lakini mimi niliona kitu kimoja tu: hapakuwa na chupa ya maji iliyotundikwa juu ya kitanda.

"Mbona hamumtii maji huyu mtoto? Mwataka afe?" nilipaza sauti.

Muuguzi hakunijibu kwa ukali. "Kaka, maji mengi ya haraka yaweza kumdhuru. Twangoja damu."

Sikumwamini. Damu ilikuja, mtoto akapona, alhamdulillahi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba jibu la muuguzi yule lilitokana na utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu Pwani, na kwamba utafiti huo umebadili namna watoto mahututi wanavyotibiwa katika nchi nyingi. Ajabu ni kwamba wengi wetu hatuujui.

Utafiti wenyewe unaitwa FEAST. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto kutoka Uingereza ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko kwenye hospitali ya Kilifi. Kituo hicho kipo tangu 1989, na wengi wetu twakijua kwa jina moja tu: KEMRI.

Swali lilikuwa hili. Mtoto mwenye maambukizi makali, iwe malaria au vijidudu vilivyoingia kwenye damu, hufikia hali ambayo damu haizunguki sawasawa. Mikono na miguu hupoa, moyo hupiga mbio, na ukimbonyeza ukucha rangi hukawia kurudi. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri walifundishwa kwamba mtoto kama huyo atiwe maji mengi mshipani kwa haraka ili damu ipate kuzunguka. Lakini hospitali zao zina mashine za kupumulia na vyumba vya wagonjwa mahututi. Je, katika wodi zetu zisizo na mashine hizo, maji ya haraka huokoa mtoto?

Kuanzia 2009 utafiti ulifanywa katika hospitali 6: Kilifi hapa Kenya, Teule ya Muheza kule Tanga, na 4 za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141, wa umri wa miezi 2 hadi miaka 12, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilitiwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilitiwa haraka maji ya chumvi. La tatu halikutiwa maji ya haraka, lilipewa maji ya kawaida polepole tu. Wote walipata matibabu mengine sawa: dawa za vijidudu, dawa ya malaria kwa mwenye malaria, oksijeni, sukari iliyoshuka ilirudishwa, na aliyepungukiwa sana na damu aliongezwa.

Tupige hesabu ndogo. Kipimo cha kuanzia kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto, baadaye kikapandishwa hadi 40, ndani ya saa moja. Mtoto wa kilo 10 kwa kipimo cha chini hupata mililita 200. Kwako wewe hiyo ni glasi moja ya maji. Kwake yeye ni karibu robo ya damu yote aliyo nayo mwilini.

Watafiti walitarajia maji yataokoa. Yakatokea kinyume. Kufikia saa 48, katika makundi mawili ya maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka walifariki asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, watatu zaidi walipoteza maisha. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri usajili wa watoto usimamishwe, ukasimamishwa Januari 2011 kabla idadi iliyopangwa kutimia. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo.

Mwanzoni wengi walipinga. Wengine walidhani maji yaliingia mapafuni au yakavimbisha ubongo. Uchambuzi uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbaya wa damu asitiwe maji ya haraka. Mwenye dalili zote tatu, yaani mikono na miguu baridi, rangi ya ukucha kukawia kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, na mpigo dhaifu wa mbio, atiwe kwa kipimo na taratibu, kwa nusu saa hadi saa nzima, huku akiangaliwa.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Utafiti huu haukuwahusu watoto wanaoharisha na kutapika. Hao mwili wao umepoteza maji na lazima yarudishwe, kwa chumvi na sukari ya kuchanganya au kwa mshipa ikibidi. Haukuwahusu walioungua wala wenye utapiamlo mkali pia. Mtoto anayeharisha mpe maji, na hali ikizidi mpeleke hospitali. Dripu si sumu. Ni dawa, na kila dawa ina mgonjwa wake na kipimo chake.

Lipo jambo jingine lililonigusa: ruhusa. Mtoto anapokata roho, mama hawezi kusomewa karatasi za kurasa nyingi. Kwa hiyo, kwa idhini ya kamati za maadili, pale ambapo hali ilikuwa ya dharura mzazi aliombwa kwanza ruhusa ya mdomo, kisha akaelezwa kwa kirefu na kuombwa sahihi mtoto alipotulia. Yapo maneno mengi mitaani kwetu kuhusu watafiti na damu za watoto. Kuuliza ni haki yetu na tuendelee kuuliza. Lakini tuseme na hili: kama wazazi wale wa Kilifi, Muheza na Uganda wangekataa, madaktari wangeendelea kutia maji kwa nia njema na watoto wangeendelea kufa bila mtu kujua sababu. Dini yetu inatufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Wazazi wale, na hasa waliopoteza watoto wao, wana sehemu katika nafsi nyingi mno.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, tuwahi. Sehemu kubwa ya watoto wanaofia hospitalini hufa ndani ya siku ya kwanza, kwa sababu wamefikishwa wakiwa wameshachelewa. Mtoto akishindwa kunyonya, akilegea, akihema kwa kuvuta mbavu, akishikwa na degedege au viganja vikiwa vyeupe, usingoje asubuhi. Dua na isomwe, kombe na linywewe na mwenye kuliamini, lakini gari liwe tayari limeshaitwa.

Pili, tutoe damu. Katika utafiti mwingine wa Profesa Maitland, uliofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019, ilionekana kwamba hata kiasi cha damu ya kumwongeza mtoto mwenye upungufu mkali kinategemea kama ana homa au hana. Lakini ujuzi wote huo haufai kitu kama jokofu la damu ni tupu. Yule mtoto wetu aliokolewa na mtu tusiyemjua.

Tatu, tuache kupima wema wa hospitali kwa chupa iliyotundikwa. Muulize muuguzi kwa upole: mtoto ana nini, amepewa nini, tunangoja nini? Muuguzi anayekataa kumtia mtoto wako maji huenda ndiye anayemwokoa. Mimi sikurudi kumwomba radhi yule wangu. Popote alipo, namwomba leo.