Mswaki wa umeme: ulitoka wapi, na uchague upi

Haya wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo tuingie bafuni. Mswaki asili yake ni kijiti cha mti, na kule Pwani bado wapo wanaokitafuna kila asubuhi. Hakina mota wala betri. Sasa mbona mtu alipe maelfu ya shilingi kwa mswaki unaotetemeka?

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mswaki "wa umeme" wa Dr. Scott. Stima haikuwemo hata chembe. Ilidaiwa tu kwamba mpini wake una nguvu za sumaku. (Siku hizi wangebandika neno "akili bandia".)

Mswaki wa umeme wa kweli ulizaliwa Uswisi mwaka 1954, kazi ya Dkt. Philippe-Guy Woog, ukaitwa Broxodent. Uliwalenga hasa wagonjwa ambao mikono yao haikuwa na nguvu za kutosha. Ulichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Hebu fikiria: waya wa stima mkononi, maji yanachuruzika, na kifaa kimo mdomoni! Ulipoingia Marekani, mwaka 1961 General Electric wakajibu kwa mswaki usio na waya, wenye betri ya kuchajiwa.

Hapa ndipo mimi hunogewa. Miswaki iliyofuata ilianza kuchajiwa bila chuma kugusa chuma. Ndani ya kitako cha chaja mna koili moja, ndani ya mswaki mna nyingine, na umeme unavuka katikati kwa njia ya sumaku. Ni transfoma iliyokatwa vipande viwili, basi. Kwa kuwa hakuna tundu la waya, mswaki unaweza kuzibwa kabisa maji yasiingie. Simu zinazochajiwa kwa kulazwa juu ya kisahani zinatumia wazo lile lile, na zilikuja miaka mingi baadaye.

Lakini kilichozibwa hakifunguliki. Betri ndogo ikichoka, mara nyingi mota nzima yenye afya inatupwa pamoja nayo. Mimi hili huniudhi kuliko bei.

Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na kambi mbili kubwa. Braun Oral-B, mwaka 1991, walileta kichwa kidogo cha duara kinachozunguka nusu nusu, kwenda na kurudi. Mwaka 1992 ikaja Sonicare, iliyotokana na watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kichwa chake kirefu hutikisika mara 31,000 hivi kwa dakika. Philips waliinunua kampuni hiyo mwaka 2000.

Je, inasaidia? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalikusanya tafiti 56. Ukilinganisha na mswaki wa mkono, ukoga ulipungua kwa asilimia 11 katika miezi 1 hadi 3, na asilimia 21 baada ya miezi 3. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Si muujiza, lakini si porojo. Mapitio hayo hayo yalisema tafiti hazikueleza vizuri gharama wala uimara wa vifaa, mambo ambayo sisi wanunuzi tunayahitaji zaidi.

Kwa hiyo ukienda dukani, usianze na rangi wala idadi ya vitufe. Uliza vichwa vya kubadilisha vinapatikana hapa, na kwa bei gani, maana utavinunua kila miezi mitatu hivi. Kipima muda cha dakika mbili ni muhimu. Kihisi kinachokuonya ukikandamiza sana pia ni muhimu, hasa kama fizi zako zinarudi nyuma. Bluetooth na programu ya simu? Mimi ningeokoa hela. Februari 2024 ilivuma habari kwamba miswaki milioni 3 ilitekwa na wadukuzi ili kushambulia tovuti. Ikabainika ulikuwa mfano wa kubuni tu. Hata hivyo mswaki hauhitaji kujua nenosiri la intaneti yako.

La mwisho, kwa wale wanaoletewa na binamu kutoka Marekani: geuza kitako cha chaja usome maandishi madogo. Kikisema 100–240V, chomeka. Kikisema 110–120V pekee, usikiguse na soketi yetu ya 240V.