Jinsi mbinu za kutoza bili zinavyoathiri uhifadhi wa maji katika nyumba za kupangisha

Jiji la Nairobi, lililokuwa na wakazi zaidi ya milioni 4.3 katika sensa ya mwaka wa 2019, hutegemea zaidi maji yatokayo milima ya Aberdare, hasa kupitia bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang’a. Mvua ilipopungua, wakazi walianza kupokea maji kwa mgao Januari 2017, na tangu hapo wamehimizwa mara kwa mara kuyatumia kwa uangalifu. Hata hivyo, wengi wao ni wapangaji, na uzito wa himizo hilo kwa mpangaji hutegemea namna anavyotozwa bili.

Mbinu ya kwanza ni kujumuisha maji katika kodi ya nyumba, au kutoza kila nyumba kiasi kimoja kila mwezi. Mbinu hii hupendwa kwa wepesi wake, kwani hakuna mita ya kusomwa wala hesabu ya kuzozania. Kasoro yake ni kwamba mpangaji anayeacha mfereji ukitiririka hulipa sawa na jirani anayetumia maji ya kufulia kusafishia choo. Anayehifadhi hapati nafuu, naye mbadhirifu haumii. Anayeumia ni mwenye nyumba, na kwa sababu hiyo ana kichocheo cha kurekebisha mabomba yanayovuja.

Mbinu ya pili ni kugawa bili ya mita kuu kwa idadi ya nyumba au ya watu. Kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ya haki, lakini katika ploti ya nyumba 20, mpangaji akiokoa uniti moja, yaani lita 1,000, faida yake hugawanywa mara 20. Isitoshe, maji yakivuja wapangaji ndio hulipa, hivyo mwenye nyumba hana haraka ya kumwita fundi. Kwa njia hiyo, pande zote mbili hukosa sababu ya kutunza maji.

Mbinu ya tatu ni kuweka mita ndogo katika kila nyumba. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2004 ulibaini kuwa majengo yenye mita hizo yalitumia maji pungufu kwa takriban asilimia 15 yakilinganishwa na yale ambayo maji yalijumuishwa katika kodi. Pale ambapo bili iligawanywa kwa hesabu tu bila mita, watafiti hawakupata upungufu wa maana.

Hata hivyo, mita ndogo pekee hazitoshi. Aghalabu jumla ya uniti zake huwa chini ya zile zinazosomwa kwenye mita kuu. Sehemu ya tofauti hiyo ni maji ya kuoshea ngazi na ua, na nyingine ni maji yanayovuja. Haba na haba hujaza kibaba: mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde unaweza kupoteza karibu mtungi wa lita 20 kwa siku. Tofauti hiyo ikibebwa na mwenye nyumba, atatafuta penye kasoro. Njia rahisi ni kutazama mita kuu usiku, tangi likiwa limejaa na mifereji yote ikiwa imefungwa. Ikiwa mita bado inazunguka, kuna mahali maji yanapotea.

Suala jingine ni bei. Ada za kampuni za maji hupanda kwa viwango kadiri matumizi yanavyoongezeka, ili familia ndogo ipate maji ya msingi kwa bei nafuu. Lakini familia 20 zikitumia uniti 6 kila moja kupitia mita moja, mita hiyo husoma uniti 120. Pasipo na bei maalumu ya majengo ya wapangaji wengi, familia hizo hutozwa kama mtumiaji mmoja mkubwa, na hivyo kuadhibiwa ingawa hazikubadhiri chochote.

Uhifadhi nao una mpaka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu mmoja huhitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku. Kwa familia ya watu wanne, kiwango cha chini ni lita 200 kwa siku, au uniti 6 kwa mwezi. Familia inayonunua maji kwa mtungi mara nyingi haifikii kiwango hicho, na kuihimiza ipunguze zaidi ni kuhatarisha afya yake. Mita za kulipia kabla zina hatari hiyo pia, kwani pesa zikiisha mfereji hukauka, ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha.

Kwa hivyo, mbinu inayofaa zaidi ni ile inayomfanya kila mmoja alipie anachoweza kudhibiti: mpangaji alipie maji yanayotoka katika mifereji yake, naye mwenye nyumba agharimie yanayopotea kabla ya kuifikia.