Simba wa Kwenye Simu na Simba wa Milima Yetu



Mwezi uliopita nilikuwa dukani kwangu Manundu, Korogwe, nampima mteja gauni la harusi. Binti yangu wa miaka sita alikuwa mkekani, nimempa simu atazame katuni ili nifanye kazi. Mara akaanza kulia. Kutazama, baba yake Simba amekufa, na Simba mdogo anamsukuma aamke.

"Mama, mbona haamki?"

Nina pini mdomoni, mteja anasubiri. Nikamwambia, "Nyamaza, katuni tu hiyo," nikamnyang'anya simu.

Usiku sikulala vizuri. Bibi yake, mama mkwe wangu, tulimzika Handeni mwaka jana. Siku ile pia mtoto aliuliza mbona haamki, na siku ile pia nilimwambia anyamaze.

Nikaanza kutafuta hii hadithi inayomliza mwanangu imetoka wapi.

The Lion King ilitoka Marekani mwaka 1994. Waliotengeneza walisafiri mpaka Kenya kutazama nchi na wanyama, na maneno yetu wakayachukua: Simba, Rafiki, Pumbaa, hakuna matata. Wenyewe wamesema kisa kile wamekichota kwenye mchezo wa Shakespeare na pia kwenye habari za Yusuf na Musa. Nabii Yusuf tunamjua, ana sura nzima kwenye Qur'ani. Mtoto anapendwa na baba, ndugu wanaona wivu, wanamtumbukiza kisimani, anakulia ugenini, na mwisho anawasamehe.

Mwaka 2016 vikaanza vipindi vya The Lion Guard, vya Kion mtoto wa Simba. Rafiki yake kiboko anaitwa Beshte, jina la mtaani kabisa! Mwishoni Kion anapigwa na sumu ya nyoka, anakuwa mwepesi wa hasira, anaogopa atageuka mtu mbaya. Marafiki hawamtupi, wanasafiri naye mbali kutafuta dawa. Ni katuni ya watoto, lakini hayo ni mambo ya watu wazima.

Hapo nikakumbuka hadithi aliyokuwa akitusimulia mama mkwe jioni tukichambua mboga. Hadithi ya Mbega.

Mbega alizaliwa milima ya Nguu, upande ambao zamani ulikuwa wilaya ya Handeni na leo ni Kilindi. Aliota meno ya juu kwanza. Enzi hizo mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akaogopwa kuwa ana mkosi. Wazazi wake walipofariki, ndugu wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia. Akafika Kilindi, akapata rafiki, mtoto wa mkubwa wa pale. Rafiki akafa katika uwindaji wa nguruwe, Mbega akakimbia tena, safari hii mpaka Usambara. Huko akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, watu wakampenda. Akiwa njiani kwenda Vuga akaua simba usiku, na Wasambaa wakampa jina la Simba, wakamfanya mtawala wao. Hiyo ni karne ya 18. Ukoo wake wa Wakilindi ulitawala Usambara kwa vizazi vingi.

Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, hapa hapa wilaya ya Korogwe. Kitabu kinaitwa Habari za Wakilindi.

Basi ona, dada yangu. Mtoto anaonewa na walio wake, anafiwa, anakimbia, anarudi kuwa mtu. Kisa cha namna hiyo kilikuwa kwenye milima yetu kabla ya runinga. Tofauti ni moja tu. Mama mkwe alipofika pale rafiki yake Mbega anakufa, alinyamaza kidogo, akatutazama watoto na wakubwa. Mtoto akiuliza, alijibu. Simu haijibu. Inaendelea na kipande kinachofuata.

Na wala kulia si aibu. Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nani basi amwambie mtoto wa miaka sita anyamaze?

Ijumaa nilifunga duka mapema. Nikakaa mkekani na binti yangu tukaitazama tena pamoja. Tulipofika pale, nikamwambia bibi hataamka, na sisi tunamuombea dua. Akalia, nami nikalia. Kisha nikamsimulia Mbega.

Akaniuliza, "Mbega aliwasamehe ndugu zake kama Nabii Yusuf?"

Sikuwa na jibu. Bibi yake angekuwa nalo.

Kwa hiyo wewe bibi harusi, kwenye orodha yako ya vyombo na mashuka ongeza hili: kabla hujaondoka nyumbani, kaa na bibi yako au mama yako akusimulie hadithi za kwenu, na umuulize yote unayotaka kuuliza. Ukioleka, kaa na mama mkwe wako vilevile. Watoto wakija, in shaa Allah, katuni watazitazama. Ila wasizitazame peke yao.

Mungu awarehemu bibi zetu waliotangulia. Amin.